Mapitio ya VET01: mwongozo imara wa kupima dawa, wenye majedwali ya ng'ombe wa mbali

Ninachokipitia hapa ni mwongozo wa maabara unaoitwa VET01, pamoja na majedwali yake ambayo hutolewa peke yake kwa jina la VET01S. Vyote viwili hutolewa na taasisi ya viwango vya maabara ya Marekani, CLSI, na kazi yake ni kumwelekeza mtaalamu wa maabara namna ya kupima iwapo bakteria aliyetolewa kwa mnyama mgonjwa anazuiwa na dawa fulani, kisha namna ya kuyatafsiri majibu ya kipimo hicho. Mimi si mtu wa maabara. Ni daktari wa mifugo ninayezungukia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika vijiji vilivyo nyuma ya mji wa Tanga, mtu anayepokea karatasi ya majibu na kulazimika kuamua, mbele ya mwenye ng'ombe, dawa ipi itumike. Kwa hiyo haya ni mapitio ya mlaji aliyeingia jikoni kwa sababu chakula kilimdhuru, wala si mapitio ya mpishi.

Kilichonisukuma kuutafuta mwongozo huu ni ng'ombe mmoja chotara wa Friesian aliyekuwa na ugonjwa wa kiwele. Robo ya nyuma ya upande wa kulia ilikuwa ngumu kama ubao na maziwa yake yalitoka na mabonge. Nilisafisha chuchu kwa spiriti, nikamwaga michirizi ya kwanza, nikachukua sampuli kwenye chupa safi, nikaipeleka ikiwa kwenye barafu kwenye maabara ambayo sitaitaja jina. Baada ya siku nne karatasi ilirudi: bakteria ni Staphylococcus aureus, na mbele ya penisilini iliandikwa herufi S, yaani dawa inafaa. Niliweka penisilini ndani ya kiwele kama karatasi ilivyoelekeza, na mama mwenye ng'ombe akamwaga maziwa kwa siku zote za matibabu pamoja na siku za kusubiri zilizofuata, jambo ambalo kwa mtu anayelipa ada ya shule kwa lita za asubuhi na jioni si dogo. Wiki mbili baadaye mabonge yalirudi, na sampuli mpya ikaonyesha bakteria yuleyule. "Daktari," aliniambia mama yule bila hasira yoyote, "si karatasi ilisema dawa itaweza?"

Ni haki kusema kwamba Staphylococcus aureus kwenye kiwele ni adui mgumu hata pale kipimo kinapokuwa sahihi, kwa maana hujificha ndani ya tishu na katika vijipu vidogo ambavyo dawa haivifikii vizuri. Hata hivyo, nilipiga simu maabara na kuomba jambo ambalo sikuwahi kuliomba katika miaka yangu yote ya kazi: kipenyo, kwa milimita, cha duara ambalo bakteria alishindwa kuota kuizunguka dawa, na picha ya sahani ya kipimo kama ipo. Walinijibu kwa adabu, wakanitumia vyote viwili. Duara la penisilini lilikuwa la milimita 27, na ukingo wake ulikuwa mkali kana kwamba umekatwa kwa wembe. Diski iliyotumika, yaani kile kikaratasi cha mviringo chenye dawa, ilikuwa ya yuniti 10.

Hapo ndipo nilipolazimika kuusoma mwongozo. Kwa majedwali ya CLSI, stafilokoka anayepimwa kwa diski ya penisilini ya yuniti 10 huhesabiwa kuwa anazuiwa na dawa iwapo duara limefika milimita 29 au zaidi, na kuanzia 28 kwenda chini ni sugu. Kwa majedwali ya EUCAST, taasisi ya Ulaya inayofanya kazi kama hiyo, kikomo cha Staphylococcus aureus ni milimita 26, lakini diski yao ni ya yuniti 1. Maabara yangu ilikuwa imenunua diski za Kimarekani na kuzisoma kwa jedwali la Ulaya. Zaidi ya hayo, taasisi zote mbili zinaonya kwamba duara lenye ukingo mkali ni dalili ya bakteria anayetengeneza kimeng'enya cha kuivunja penisilini, na bakteria huyo aandikwe kuwa sugu hata kama duara lake ni pana. Makosa mawili yalikuwa yamekutana katika sahani moja, na karatasi iliyotoka ilikuwa na herufi moja tu, S, isiyoonyesha diski, isiyoonyesha jedwali, wala mwaka wa jedwali.

Mnunuzi wa viazi anaifahamu lumbesa: gunia linaitwa gunia, bei inaitwa bei ya gunia, lakini juu yake kuna kilemba ambacho hakuna aliyekipima. Herufi S isiyotaja jedwali lake ni lumbesa ya maabara.

Nikirudi kwenye bidhaa yenyewe, toleo nililolipata ni la tano, la mwaka 2018, na tangu hapo limefuatwa na jingine. CLSI ilianzishwa mwaka 1968 ikiitwa NCCLS, ikabadili jina mwaka 2005. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa maabara za hospitali za binadamu, na waganga wa mifugo waliazima majedwali ya watu kwa sababu hawakuwa na yao. Kamati ndogo ya wanyama iliundwa katika miaka ya 1990, nayo hukaliwa na watu wa serikali, wa viwanda vya dawa, na wa vyuo na tiba, wanaokubaliana kwa maridhiano kabla ya tarakimu yoyote kuingia kwenye jedwali. Utaratibu wa majina ya nyaraka zake unakera. Majedwali yaliitwa VET01S, mwaka 2018 yakaitwa VET08, kisha kuanzia toleo la 2020 yakarudia jina la VET01S. Nimewahi kuona watu wazima wakibishana wakidhani wanatumia viwango viwili tofauti, kumbe kila mmoja ameshika toleo la mwaka wake.

Sehemu ya njia za upimaji ndiyo inayostahili sifa zangu zote. Msingi wake ni ule ulioandikwa mwaka 1966 na Bauer, Kirby na wenzao huko Seattle: bakteria hupakwa kwenye sahani ya ageri, yaani ute ulioganda wenye chakula cha bakteria, diski zenye dawa huwekwa juu yake, na kesho yake hupimwa upana wa eneo ambalo bakteria ameshindwa kuota. Kwa maelezo hayo mafupi kazi inaonekana ya mtoto wa shule. Mwongozo unafanya nini basi katika kurasa zote zile? Unaziba, mmoja baada ya mwingine, mianya ambayo kupitia humo milimita mbili au tatu zinaweza kuingia au kutoka bila mtu kujua.

Chukua kina cha ageri. Kinatakiwa kiwe takriban milimita 4. Ikimiminwa nzito zaidi, dawa husambaa kwenda chini pamoja na pembeni, duara likawa dogo, na bakteria wa kawaida akaitwa sugu. Ikimiminwa nyepesi kwa kubana matumizi ya Mueller-Hinton, unga wa kutengenezea ageri hiyo, ambao kwetu huagizwa kutoka nje na hufika kwa bei ya kusikitisha, duara hupanuka na bakteria sugu akaitwa anayezuilika. Kosa hili la pili ndilo linalomfikia mfugaji kwa umbo la maziwa yaliyomwagwa bure. Baada ya kuusoma ukurasa huo nilianza kuziangalia sahani za maabara kwa jicho jingine, nikizishika ubavu kama mtu anayekagua unene wa chapati.

Vivyo hivyo kwa wingi wa bakteria. Mchanganyiko wa bakteria katika maji ya chumvi unatakiwa ufanane kwa ukungu na kipimo cha McFarland 0.5, ambacho ni sawa na bakteria kati ya milioni 100 na milioni 200 kwa kila mililita, na utumike ndani ya dakika 15, kwa maana bakteria hawangoji chai iishe. Ukipaka bakteria wengi mno, dawa huzidiwa na duara hujifinya. Sahani ipakwe kwa pamba pande tatu, ikizungushwa nyuzi 60 kila mara. Diski zisizidi tano kwenye sahani ya milimita 100 wala 12 kwenye ile ya milimita 150. Sahani iingie kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria, ndani ya dakika 15 baada ya diski kuwekwa, kwenye nyuzijoto 35, zikipungua au kuzidi kwa mbili tu. Majibu yasomwe baada ya saa 16 hadi 18. Mtu anayesoma majibu ya sulfa na trimethoprimu anaambiwa asihangaike na utando mwembamba uliobaki ndani ya duara, ilhali anayesoma bakteria aitwaye Proteus anaambiwa apuuze wimbi jepesi la bakteria wanaotambaa. Mambo haya hayamo kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote kwa ukamilifu, na ndiyo maana yanahitaji kuandikwa na kubandikwa ukutani.

Palipo na asidi ndipo mwongozo ulinishangaza zaidi. Ageri inatakiwa iwe na pH, yaani kipimo cha asidi, kati ya 7.2 na 7.4. Ikishuka, maana yake asidi imezidi, dawa kama gentamaisini na erithromaisini huonekana dhaifu kuliko zilivyo, na tetrasaiklini huonekana kali kuliko ilivyo. Kwetu, ambako oksitetrasaiklini ni dawa inayotumiwa sana kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, ageri yenye asidi kidogo inaweza kuifanya dawa iliyochakaa ionekane mpya, na hakuna mtu atakayelalamika, kwa kuwa majibu yatakuwa yanamfurahisha kila mmoja, muuzaji wa dawa akiwa wa kwanza.

Dawa ya mianya hii yote kwa pamoja ni bakteria wa udhibiti, na hapa mwongozo hauna mchezo. Maabara inatakiwa iwe na bakteria wanaojulikana duniani kote kwa namba zao, kama Escherichia coli ATCC 25922 na Staphylococcus aureus ATCC 25923, na iwapime kwa diski zilezile, ageri ileile na inkubeta ileile. Diski ya tetrasaiklini ya mikrogramu 30 juu ya Escherichia coli huyo lazima itoe duara kati ya milimita 18 na 25. Gentamaisini ya mikrogramu 10 lazima itoe kati ya 19 na 26. Likitoka duara la 28, majibu ya wagonjwa wa siku hiyo hayatolewi mpaka chanzo kijulikane. Mwanzoni kipimo hiki hufanywa kila siku, na maabara ikishathibitisha uthabiti wake kwa utaratibu uliowekwa ndipo huruhusiwa kukifanya mara moja kwa wiki. Kwa mji kama Tanga, wenye joto la unyevu na umeme unaokatika, naona hii ndiyo sura yenye thamani kuliko zote. Diski za jamii ya penisilini hupoteza nguvu haraka zikiwekwa kwenye friji inayolala bila umeme, au zikifunguliwa zikiwa bado za baridi na kushika unyevu wa hewa, na hakuna jicho linaloweza kuliona hilo juu ya diski. Bakteria wa udhibiti huliona.

Nimesifu vya kutosha. Sasa niyaseme majedwali, ambako moyo wangu hautulii.

Ili kuelewa tatizo lake ni lazima kuelewa jinsi kikomo kinavyowekwa. Duara peke yake halisemi kama mnyama atapona. Kamati hutazama mambo matatu: bakteria wa aina hiyo ambao hawajawahi kupata usugu wanazuiwa na dawa kiasi gani, dozi iliyosajiliwa kwa mnyama huyo huifikisha dawa kiasi gani mwilini na kwa muda gani, na wanyama waliotibiwa kweli, wakiwa na bakteria wa viwango mbalimbali, walipona au hawakupona. Kwa hiyo kikomo halali ni cha mnyama fulani, ugonjwa fulani, bakteria fulani, dawa fulani, kwa dozi na njia fulani ya kuitoa. Mfano ninaoupenda ni wa mbwa. Escherichia coli kutoka kwenye kidonda cha ngozi cha mbwa huhesabiwa kuwa anazuilika na ampisilini iwapo kiasi cha dawa kinachotosha kumzuia hakizidi mikrogramu 0.25 kwa mililita. Bakteria huyohuyo akitoka kwenye mkojo wa mbwa huyohuyo, kikomo ni 8, kwa sababu ampisilini hujikusanya kwenye mkojo kwa wingi usiofikiwa kwenye ngozi. Tofauti ni mara 32. Maabara isiyojua sampuli imetoka wapi haiwezi kusoma jedwali hili, hata ikiwa na vifaa vya dhahabu, na ndiyo sababu tangu nisome sura hiyo sijawahi tena kuacha wazi nafasi ya "mahali sampuli ilipotolewa" kwenye fomu, kosa nililokuwa nikilifanya kila wiki.

Sasa lete ugonjwa wa kiwele. Kwa ng'ombe wa maziwa mwenye ugonjwa huu, majedwali yana vikomo halisi vya dawa chache mno: seftiofa, pirilimaisini, na mchanganyiko wa penisilini na novobiosini. Ingia katika duka lolote la dawa za mifugo kati ya Muheza na Korogwe uombe pirilimaisini, uone utakavyotazamwa. Kilichoko rafuni ni oksitetrasaiklini ya asilimia 10 na 20, mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini ambao wafugaji huuita penstrepu, sulfa, tailosini, na mirija ya kiwele yenye michanganyiko mbalimbali. Tetrasaiklini ina kikomo cha ng'ombe kwenye majedwali, ndiyo, lakini ni kwa ugonjwa wa mapafu unaotibiwa kwa sindano. Kukichukua kikomo hicho na kukitumia kwa dawa iliyosukumwa kwenye chuchu ni kupima kitambaa cha kanzu kwa pishi. Vikomo vingine vilivyomo vimeazimwa kutoka kwa binadamu, na mwongozo, kwa uaminifu wake, umevitenga na vile vya wanyama ili msomaji ajue. Lakini utenganisho huo hupotea mara tu majibu yanaponakiliwa kwenye karatasi ya mfugaji.

Wanyama wanaohudumiwa na majedwali ni ng'ombe, nguruwe, farasi, mbwa, paka, na kwa uchache kuku na bata mzinga. Mbuzi wa maziwa na ngamia sikuwakuta, na hao ndio wanyama ambao sehemu kubwa ya wafugaji wa Afrika Mashariki wanawategemea. Siishutumu kamati kwa hili. Kikomo kinahitaji takwimu za dozi, za damu na za uponaji, na takwimu hizo kwa kawaida huletwa na kiwanda kinachotaka kuuza dawa mpya kwa mnyama mwenye soko kubwa. Nani atagharimia utafiti wa dawa ya zamani isiyo na mwenyewe, kwa mbuzi wa Pangani? Lakini mnunuzi anastahili kujua kabla ya kutoa fedha kwamba bidhaa hii imeshonwa kwa mwili mwingine, na kwamba atalazimika kuvaa hivyohivyo.

Upungufu huu una hatari moja ambayo sijaona ikizungumzwa vya kutosha. Kwa kuwa seftiofa ina kikomo safi kwa ugonjwa wa kiwele, na dawa za kawaida hazina, maabara makini itaandika S yenye uhakika mbele ya seftiofa na kuacha wazi mbele ya nyingine. Daktari mwenye haraka atafuata palipo na herufi. Lakini seftiofa ni ya kizazi cha tatu cha sefalosporini, kundi ambalo Shirika la Afya Duniani limeliweka miongoni mwa dawa zenye umuhimu wa juu kabisa kwa tiba ya binadamu, na ambalo tungependa lisizoeleke kwenye mabanda. Hivyo jedwali, bila kukusudia, linaweza kumsukuma mtu kuelekea kwenye dawa ambayo angepaswa kuifikia mwisho. CLSI wenyewe wanao waraka mwingine, VET09 wa mwaka 2019, unaofundisha jinsi ya kuyatumia majibu ya maabara kwa busara ya kutunza dawa, na nadhani ungefaa kuuzwa pamoja na VET01 kama mpini na jembe.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie EUCAST, hasa kwa kuwa nyaraka zake hupakuliwa bure. Ni swali zuri, na kwa maabara changa bure si neno dogo. EUCAST walianzisha kamati yao ya wanyama, VetCAST, mwaka 2015, na falsafa yao ya kuweka vikomo ipo wazi na imeandikwa kwa kina. Jambo lao lililo bora zaidi, kwa maoni yangu, ni mpaka unaotenganisha bakteria wa asili na wale waliokwisha kupata usugu, ambao haujali mnyama wala dozi. Kwa mtu wa wizara anayetaka kujua kama usugu unaongezeka mwaka hadi mwaka kwenye kuku wa mayai, mpaka huo ndio kifaa chake, wala asihangaike na vikomo vya tiba. Kwa daktari aliyesimama bandani hautoshi, kwa sababu hausemi kama dozi ya chupa aliyoishika itafika mahali ugonjwa ulipo. Vikomo vya tiba vya wanyama upande wa Ulaya bado ni vichache kuliko vya CLSI. Ipo pia tofauti ya maana inayowatega wengi: tangu mwaka 2019 herufi I kwa EUCAST humaanisha kwamba bakteria anazuilika iwapo dawa itamfikia kwa wingi zaidi, ilhali kwa CLSI bado inasomwa kama hali ya katikati. Karatasi moja, herufi moja, na ushauri tofauti.

Ushauri wangu kwa maabara ni kwamba ichague moja na kubaki nayo kuanzia kwenye ununuzi wa diski hadi kwenye uandishi wa majibu. Wenye fedha kidogo wanaweza kuanza na EUCAST bila aibu. Kinachokatazwa ni kuchanganya, na kwa kuwa diski nyingi za pande hizi mbili zinalingana, kama ya gentamaisini, ni rahisi mtu akajiaminisha kwamba zote zinalingana, mpaka afike kwenye penisilini.

Kuhusu bei na upatikanaji nitapita haraka. VET01 huuzwa kwa dola, kwa nakala, na si ununuzi ambao maabara ya wilaya inaufanya bila barua tatu. Majedwali ya VET01S yamekuwa yakisomeka bure kwenye tovuti ya CLSI, jambo la kushukuriwa, ingawa kuyasoma kwenye simu ni adhabu kwa macho. Lugha ni Kiingereza kizito cha kamati, chenye sentensi zinazorudi nyuma kujirekebisha. Sijaona tafsiri ya Kiswahili, na naamini kipeperushi kimoja cha kurasa nne chenye kina cha ageri, McFarland, saa, nyuzijoto na viwango vya bakteria wa udhibiti kingefanya kazi kubwa katika maabara zetu kuliko semina ya siku tano hotelini. Programu ya WHONET, ambayo hutolewa bure, husaidia kutafsiri milimita kwa vikomo vya CLSI au vya EUCAST, mradi aliyeipanga amechagua mnyama na toleo sahihi.

Je, ningeupendekeza? Kwa maabara yoyote inayotoza fedha kwa kipimo hiki, ndiyo, bila kusita, na sehemu ya njia za upimaji ningeipa alama tisa kwa kumi. Majedwali, kwa kazi yangu mimi na wanyama ninaowahudumia, yanapata tano, na hizo tano ni kwa uaminifu wa kuonyesha yasichokijua. Kwa daktari wa mashambani sioni haja ya kuununua. Inatosha asome majedwali ya bure na aijue orodha fupi ya maswali ya kuiuliza maabara. Mimi sasa naomba mambo manne yaandikwe kwenye karatasi: diski ilikuwa na dawa kiasi gani, duara lilikuwa milimita ngapi, jedwali lililotumika ni la taasisi gani na la mwaka gani, na bakteria wa udhibiti walitoa milimita ngapi wiki hiyo. Mara ya kwanza niliambiwa hakuna mteja aliyewahi kuuliza hivyo. Nilijibu kwamba hata mimi nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi.

Ng'ombe wa yule mama hatukumpatia dawa nyingine. Tuliikausha robo ile, akaendelea kukamuliwa tatu zilizobaki, akitengwa na kukamuliwa wa mwisho ili mikono isimpelekee jirani yake bakteria. Mwezi uliopita ng'ombe wa pili wa boma hilohilo alipata mabonge, na sampuli yake nikaipeleka kwenye maabara ileile, ambayo siku hizi inasoma diski zake kwa jedwali lake. Karatasi ilirudi na milimita zake zote, penisilini ikiwa na duara la 34 na neno "ukingo hafifu" pembeni. Mbele ya oksitetrasaiklini kulikuwa na milimita peke yake, bila herufi yoyote, na chini yake mkono wa mtu ulikuwa umeandika kwa kalamu: "Hakuna kikomo kwa kiwele." Nilimsomea mama. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi hiyo tusiinunue mpaka wajue."